Kwato Zinauma, Lakini Ugonjwa Ulianzia Tumboni

KIBATI, Nyiragongo – Ng'ombe wa mama mmoja, memba wa koperative, amezaa ndama saba, na ndama hao ndio waliolipa minervali ya watoto wake. Sasa ni mzee, hazai tena. Msimu uliopita gunia la mahindi lilinyeshewa. Mama aliona ni hasara kuyatupa, akampa ng'ombe mengi kwa siku moja. Kesho yake alikataa majani. Siku chache baadaye akawa anatembea kama mtu aliyekanyaga miiba.

Majirani walisema: ni mawe ya volkano. Kweli, lava ya tarehe 22 Mei 2021 ingali na makali, na mawe yanaumiza mifugo. Lakini hapa kwato zote zilikuwa na moto, bila kidonda wala harufu. Mama alinunua antibiotiki sokoni, haikusaidia kitu. Mchinjaji naye akaja na bei ya chini.

Juu ya nini antibiotiki ilishindwa? Ugonjwa huu, laminiti, unajulikana sana kwa farasi, lakini ng'ombe na mbuzi wanaupata pia. Mnyama akila nafaka nyingi ghafla, tumbo linachacha. Sumu inaingia kwenye damu, na ile nyama laini inayoshika ukwato na mfupa inavimba. Ukwato ni mgumu, hautanuki, ndiyo maana maumivu ni makali.

Tufanye nini?

• Ondoa nafaka, makapi ya pombe na mabaki ya bugali. Mpe majani makavu na maji safi.
• Ita veterineri mapema, akupe dawa ya maumivu.
• Siku za kwanza, poza kwato. Hapa Kibati maji ni shida, kwa hiyo lowesha gunia na ulifunge miguuni.
• Mlaze mahali pakavu na laini, juu ya majani ya migomba yaliyokauka. Hapana kumtembeza kwenye mawe.
• Maumivu yakipungua, mtu mwenye ujuzi apunguze kwato kidogo kidogo. Damu isitoke.

Kama kuna harufu mbaya katikati ya kwato, huo ni uozo wa kwato, dawa yake ni nyingine. Kama kuna malengelenge mdomoni, mtenge mnyama na upashe habari kwa veterineri siku hiyohiyo.

Tuwe na uvumilivu. Ukwato wa ng'ombe unakua karibu milimita 5 kwa mwezi, hivyo kupata ukwato mpya kunachukua mwaka au zaidi. Ukitaka kuanza kumpa nafaka mnyama mzima, anza na kiganja kimoja, uongeze polepole kwa wiki mbili au tatu.

Mama hakuuza. Leo, miezi kumi imepita, ng'ombe wake anafika mwenyewe kwenye majani. Anatembea pole, lakini anafika. Mahindi yakinyeshewa tena, mama anasema, atayaanika kwanza, kisha atayagawa kidogo kidogo.