Je, Wajua? Upepo Unapoipa Rada Kizunguzungu

Je, wajua kwamba rada haina ugomvi mkubwa na mnara wa umeme wa upepo? Mnara umesimama tu kama mnazi, na rada imeundwa kupuuza vilivyosimama. Ugomvi hasa uko kwenye mapanga. Ncha ya panga la mtambo mkubwa hukata hewa kwa karibu kilomita 300 kwa saa, mwendo wa kindege kidogo cha abiria. Rada ikiona panga moja linakuja na jingine linakwenda zake, inaona ndege. Simama chini ya mitambo ya vilima vya Ngong uisikilize: vuu, vuu, vuu. Utadhani inazunguka kivivu. Kivivu ni kitovu. Ncha zina haraka zake.

Weka mitambo mia pamoja, na askari aliye mbele ya skrini anaona kundi la vidoa vinavyowaka na kuzima. Ndege ya kweli ikipita hapo inapotea kama mtu aliyeingia Kariakoo mkesha wa Idi. Hata rada za hali ya hewa hudanganyika: shamba la upepo huonekana kama mvua iliyogoma kuhama.

Sekunde 60. Huo ndio muda ambao Sweden ingebaki nao kujua kwamba kombora linakuja, badala ya dakika mbili, kama mitambo ingejazwa katika Bahari ya Baltiki. Hesabu hiyo ilitolewa Novemba 2024 na Waziri wa Ulinzi, Pål Jonson, siku serikali yake ilipokataa maombi 13 ya mashamba ya upepo baharini kwa mpigo. Ng'ambo ya maji hayo kuna Kaliningrad, kipande cha Urusi kilichosheheni silaha. Mradi mmoja tu ndio uliopita siku hiyo, Poseidon, nao uko pwani ya magharibi, iliyoipa Urusi kisogo.

Finland ina mpaka wa takriban kilomita 1,340 na Urusi, na karibu mitambo yake yote ya upepo iko upande wa magharibi. Upepo wa mashariki hauna kosa lolote. Ni jeshi linalotaka macho yake yabaki wazi huko. Ila Wafini hawakuishia kwenye "hapana". Mwaka 2013 walitunga sheria kwa eneo la ghuba ya Perämeri: jenga, lakini kila mtambo ulipiwe euro 50,000, na fedha hizo zifidie gharama za rada zinazohitajika ili jeshi liendelee kuona. Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni yenye akili kuliko zote katika safu hii. Mwekezaji anajua bei kabla hajachimba msingi.

Kule Trimingham, Norfolk, Uingereza, kampuni za upepo zililipia rada mpya ya Jeshi la Anga, kwa sababu iliyokuwapo isingeweza kustahimili mashamba yaliyopangwa baharini. Kununulia jeshi rada ili upewe kibali! Na bado ilikuwa nafuu kuliko kuukosa upepo.

Je, wajua kuna mahali ambapo mitetemo iligawiwa kwa mgao, kama umeme unavyogawiwa ukipungua? Ni Eskdalemuir, kusini mwa Scotland. Tangu 1962 pana vipima-mitetemo vilivyofukiwa ardhini kusikiliza milipuko ya nyuklia, hata iliyofanywa upande mwingine wa dunia. Kila mtambo wa upepo hutetemesha ardhi kidogo sana, na kidogo hicho husafiri kwenye mwamba. Kwa hiyo Wizara ya Ulinzi ikaweka ukomo: mitambo yote iliyo ndani ya kilomita 50, kwa jumla yake, isizidishe mtetemo wa nanomita 0.336 pale kituoni. Huo ni upana wa atomu moja au mbili. Ndani ya kilomita 10 ujenzi ukapigwa marufuku kabisa. Mgao ulitolewa kwa aliyewahi, mpaka ukaisha, na waliochelewa wakabaki na upepo wao mlimani wakiutazama.

Marekani, ukitaka kusimamisha kitu kinachozidi futi 200, yaani mita 61, lazima uiarifu mamlaka ya anga kwanza. Ndiyo maana nguzo nyembamba za kupimia upepo, zinazotangulia mitambo, nyingi zilikuwa na urefu wa chini kidogo ya futi 200. Rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani haoni nguzo kama hiyo mpaka awe ameifikia. Wengine hawakurudi nyumbani.

Mwaka 2010, huko Oregon, shamba la Shepherds Flat lenye mitambo 338 na megawati 845 lilizuiwa dakika za mwisho kwa ajili ya rada ya Jeshi la Anga iliyo karibu na mji uitwao Fossil. Jina hilo maana yake ni kisukuku, kama katika "nishati ya visukuku". Sikulitunga mimi. Wataalamu wa maabara ya chuo kikuu cha MIT wakaitwa, wakaona kwamba rada yenyewe inaweza kuboreshwa, na pingamizi likaondolewa mwishoni mwa Aprili, takriban miezi miwili tangu lizuke. Sheria iliyosainiwa Januari 2011 ikaagiza Wizara ya Ulinzi iwe na ofisi moja ya kupokea miradi hii yote. Tangu hapo wizara hiyo, yaani Pentagon, haiwezi kusema "hatutaki" tu. Lazima kiongozi wa ngazi ya juu kabisa athibitishe kuwa kuna hatari isiyovumilika kwa usalama wa taifa.

Wakati mwingine shida ni mwenye mtambo. Septemba 2012 Rais Obama aliiamuru kampuni ya Ralls, iliyomilikiwa na Wachina, iachane na miradi minne ya upepo jirani na uwanja wa mazoezi wa Jeshi la Wanamaji huko Boardman, Oregon hiyohiyo. Hakuna rais aliyekuwa amezuia ununuzi wa kampuni ya kigeni kwa sababu za usalama tangu 1990. Ralls wakaenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ya rufani ikasema walistahili kuonyeshwa ushahidi usio wa siri kabla ya kunyang'anywa mali. Mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama.

Texas haikukataza kitu. Sheria yake ya 2017 inasema ukijenga ndani ya maili 25 za baharini, kama kilomita 46, kutoka kituo cha ndege za kijeshi, unafuu wa kodi usahau.

Agosti 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mradi wa Revolution Wind, nje ya pwani ya Rhode Island, ikitaja usalama wa taifa. Mitambo iliyopangwa ilikuwa 65 na kazi ilikuwa imefika asilimia 80. Mwezi uliofuata jaji akaruhusu iendelee. Kama bahari ile ina siri ya kijeshi, nashindwa kuelewa kwa nini haikukumbukwa kabla nguzo hazijazamishwa.

Mapanga yanaweza pia kujificha. Mwaka 2016, karibu na Perpignan, Ufaransa, ilisimikwa mitambo 35 yenye mapanga yaliyotengenezwa kwa malighafi inayomeza mawimbi ya rada, ujanja ulioazimwa kwa ndege za kivita. Iliyokuwa ikilindwa pale ni rada ya hali ya hewa.

Na usiku je? Uingereza, mitambo mingi iliyo kwenye njia za ndege za kijeshi zirukazo chini hufungwa taa za infraredi. Mwanakijiji akifungua dirisha haoni kitu, giza tupu. Rubani aliyevaa miwani ya usiku anaona mlima mzima unametameta.