Karata za mtandaoni: Seva ikizimwa, mnunuzi hubaki na nini?

MCHEZAJI anayenunua karata dukani huondoka nayo mkononi, na itabaki kuwa yake hata kama kampuni iliyoichapisha itafungwa. Anayenunua karata hiyohiyo ndani ya programu ya kompyuta hupata kitu kingine: ruhusa ya kuitumia kwa muda ambao seva ya kampuni itaendelea kufanya kazi.

Tofauti hiyo haionekani wakati wa kulipa, lakini ndiyo kiini cha mjadala uliodumu tangu michezo ya karata za kukusanya ilipoingia katika intaneti.

Karata za kukusanya si zile 52 zilizozoeleka vijiweni. Kila mchezaji hununua zake, mara nyingi katika pakiti zilizofungwa asizojua zina nini, kisha huchagua atakazoingia nazo mchezoni. Karata adimu hutafutwa sana, na baadhi huuzwa kwa bei kubwa.

Aina hii ya mchezo ilipata umaarufu kupitia Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, na kuanza kuuzwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Kwa kawaida kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai na fungu la karata zisizopungua 60.

Mwamuzi wa mchezo

Programu za mwanzo zilizowakutanisha wachezaji kupitia intaneti zilikuwa kama meza tupu. Programu ya Apprentice, iliyotumika katika miaka ya 1990, iliwawezesha watu wawili kuonyeshana karata na kuzisogeza, lakini haikujua kanuni za mchezo. Wachezaji wenyewe ndio waliohesabu pointi na kusuluhishana walipotofautiana.

Cockatrice, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, hufuata utaratibu huohuo. Hakuna karata inayouzwa humo, hivyo mchezaji hupanga fungu lolote analotaka bila kulipa.

Mambo yalibadilika mwaka 2002, Wizards of the Coast ilipozindua Magic Online. Katika programu hiyo, seva ya kampuni ndiyo inayochanganya karata na kusimamia kanuni. Mchezaji anayejaribu kutumia karata wakati usioruhusiwa hukataliwa papo hapo.

Aidha, seva hiyo hutunza kumbukumbu ya karata zilizomo katika kila akaunti. Kwa hakika, karata ya kidijitali ni maandishi katika kumbukumbu hiyo, yanayoeleza kwamba akaunti fulani inaruhusiwa kutumia karata fulani. Ikibadilishwa au kuuzwa, maandishi hayo huhamishiwa akaunti nyingine.

Soko lilizaliwa haraka. Tiketi za kuingilia mashindano, ambazo programu iliziuza kwa dola moja ya Marekani kila moja, ziligeuka kuwa sarafu ya wachezaji. Karata zikapangiwa bei kwa tiketi, na wapo walioweka fedha nyingi humo.

Daraja la kurudi kwenye karatasi

Ili kuwatoa wateja hofu, Wizards of the Coast iliweka utaratibu wa kukomboa karata. Mchezaji aliyekamilisha seti nzima, miongoni mwa seti zilizoruhusiwa na ndani ya muda uliopangwa, aliweza kulipa ada na kutumiwa karata halisi za karatasi. Zile za kidijitali ziliondolewa katika akaunti yake.

Utaratibu huo uliipa karata ya mtandaoni thamani iliyoshikamana na kitu kinachoshikika.

Programu zilizofuata hazikujenga daraja hilo. Hearthstone ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka rasmi mwaka 2014, na Magic: The Gathering Arena, iliyotoka rasmi mwaka 2019, huanza kuchezwa bure, lakini wachezaji hawawezi kuuziana wala kubadilishana karata. Fedha inayoingia katika akaunti hutumika humohumo.

Hatari ya mpango huo hujitokeza mchezo unapofungwa. Kampuni ya Mojang ya Sweden, inayojulikana kwa Minecraft, ilitoa mchezo wa karata wa Scrolls mwaka 2014 na kuzima seva zake mwaka 2018. Hata hivyo, mwaka huohuo iliutoa bure kwa jina la Caller's Bane, pamoja na programu ya seva, ili wachezaji waweze kuuendesha wenyewe.

Si kila kampuni hufanya hivyo. Duelyst, mchezo mwingine wa karata za kidijitali, ulifungwa Februari 2020, na makusanyo ya wachezaji wake yakawa hayana pa kutumika tena.

Watunga sheria nao wameanza kuliangalia suala hili. Katika jimbo la California nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025 inawazuia wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" pale mteja anapopewa leseni tu, isipokuwa wamweleze hivyo waziwazi.

Sheria hiyo haimrudishii mchezaji karata zake seva ikizimwa. Inachompa ni nafasi ya kujua, kabla ya kulipa, kwamba anachopewa ni ruhusa na si mali.