FOLDA IMEGEUKA SHOTIKATI? USILIE, KAZI YAKO HAIJAFA!

KAMA wewe ni mtoto wa mjini na hujawahi kukutana na balaa hili, basi ama una bahati ya mtende, ama hujawahi kuprinti kitu steshenari.

Nianze na kisa. Jumamosi moja binamu yangu, binti wa chuo, alipita steshenari moja pale Kariakoo kuprinti ripoti yake ya fildi. Kurasa 48, na Jumatatu anatakiwa kukabidhi. Kurudi nyumbani akaona kuna kosa la kurekebisha, akachomeka flashi kwenye laptopu yake... lahaula! Folda zote zimekuwa shotikati, kila moja na kijishale chake pembeni. Akibonyeza, anaambiwa faili halipo.

Akakimbilia kwa fundi wa mtaani. Jamaa akaiangalia mara moja tu, akatoa hukumu: “Dada, hii imeshakufa. Tufomati tu.” Bahati nzuri binti akanipigia simu kwanza, huku analia. “Kaka, ripoti yangu imeliwa! Fundi anasema tufomati.” Nilikuwa ndani ya daladala pale Mnazi Mmoja, nikapiga ukelele mpaka konda akageuka: “Usiguse kitu! Chomoa flashi, njoo nayo!”

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Mdudu huyu hali faili. Anachofanya ni kuficha folda zako za kweli, halafu anaweka shotikati zenye jina lilelile. Ukibonyeza shotikati, mambo mawili yanatokea kwa mpigo: kirusi kinaingia kwenye kompyuta, na folda yako inafunguka kama kawaida. Unaendelea na kazi zako, huna habari. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye mashine hiyo inaondoka na mgeni. Kwa binamu yangu antivairasi ilikuwa imeshamuua mdudu, ndiyo maana shotikati hazikufunguka, lakini folda zikabaki mafichoni.

Zamani hata kubonyeza hakukuhitajika. Ulikuwa ukichomeka flashi, Windows yenyewe inakimbilia kumfungulia mlango. Microsoft walilifunga tundu hilo kwenye XP na Vista Februari 2011, na huo ujanja wa shotikati, unaohitaji kidole chako, ukashamiri. Kundi moja kubwa la virusi vya namna hii, Andromeda, lilisambaratishwa na polisi wa nchi kadhaa Novemba 2017, baada ya kugunduliwa kwenye mashine zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Wadudu wenyewe lakini wamebaki kwenye flashi za watu.

Na kwa mji wetu, siyo siri, steshenari ndiyo stendi yao kuu. Kompyuta moja inapokea flashi ya mwanafunzi, ya karani wa wakili, ya mchungaji mwenye tangazo la harambee na ya muuza vitenge anayetaka risiti. Simlaumu kijana wa pale. Baadhi yao bado wako na Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, na bando la kusasisha antivairasi atalipia nani?

Usidhani ni mambo ya wanafunzi tu. Septemba 2023 wataalamu wa kampuni ya Mandiant walieleza jinsi majasusi wa mtandao wanaohusishwa na China walivyoingia kwenye taasisi zisizopungua 29 duniani kwa kutumia flashi. Maambukizi mengi yalianzia kwenye ofisi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi zilizotajwa, na baadhi yalitokea kwenye kompyuta za maduka ya kuprinti na intaneti kafe. Kumbe bosi naye anaprinti mtaani!

Turudi kwa binti. Kwanza niliisasisha Windows Defender ya kwenye laptopu yangu (ipo humo bure tangu Windows 8), nikaiskani flashi bila kubonyeza shotikati hata moja. Kisha nikafungua kile kidirisha cheusi kwa kuandika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia. Flashi ilikuwa herufi E, kwa hiyo nikaandika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Wewe badilisha herufi kulingana na yako. Kuweka alama ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa mara nyingi hakutoshi, kwa sababu mdudu anayapaka pia rangi ya mafaili ya mfumo. Nilipobonyeza Enter, binti alishika mdomo. Folda zikaanza kurudi moja moja, ripoti ikiwemo. Shotikati nikazifuta.

Ila jihadhari na ile dawa ya mafundi wetu: kupiga window. Mashine nzito? Piga window. Matangazo yanajileta? Piga window. Hapo unapoteza picha za harusi, halafu unawekewa programu za “kreki” ambazo nazo zinakuja na wageni wao. Matangazo mengi huingia kwa kubonyeza “Next, Next” bila kusoma. Hata Java kwa miaka mingi ilikuja na upau wa Ask, alama ya kukubali imeshawekwa tayari! AdwCleaner, programu ya bure, inawatoa wengi wa wageni hao kwa dakika chache.

Binti alikabidhi ripoti Jumatatu saa nne asubuhi. Safari hii aliprinti kwa kuituma kwenye barua pepe ya steshenari. Ile flashi ameniachia mimi. Iko kwenye droo, na kusema kweli sijaichomeka tena.