Manahodha Wengi, Programu Yaenda Mrama



Juzi baada ya Isha, mama mmoja jirani yetu alinijia barazani akiwa na huzuni. Kijana wake ana diploma ya kompyuta kama yangu. Alikaa mwaka mzima akitafuta kazi, kisha akaajiriwa na kampuni moja mjini Mombasa iliyokuwa ikijiwekea mfumo mpya wa kuunganisha ghala, malori, hesabu na mishahara. Baada ya miezi mitatu mfumo haukuwa tayari, naye akafutwa kazi pamoja na wenzake sita. Waliambiwa ni wazembe.

"Mwanangu, niambie kweli," mama akaniuliza. "Kijana wangu hawezi kazi?"

Nilimuuliza mama swali moja: walipoajiriwa, mradi ulikuwa unaanza au ulikuwa umeshachelewa? Akasema ulikuwa umechelewa, na ndiyo sababu wakachukuliwa wengi kwa mpigo. Hapo nikaelewa. Kosa lilifanyika kabla kijana hajaingia mlangoni.

Wakubwa wengi hufikiri kazi ya programu ni kama kushusha saruji kwenye lori. Watu wanne wakishusha kwa saa mbili, wanane watashusha kwa saa moja. Lakini kuunda mfumo wa kampuni kunafanana zaidi na kupika pilau ya harusi. Sufuria ikiwa haijaiva, kuita wapishi wengine wanane hakuivishi wali. Na ukizidisha moto, utaunguza.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Fred Brooks, Mmarekani aliyesimamia kazi ya kutengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta za IBM miaka ya 1960, aliliandika katika kitabu chake The Mythical Man-Month mwaka 1975. Alieleza kuwa ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi.

Sababu ya kwanza ni mafunzo. Mtu mgeni hajui mfumo, lazima afundishwe. Atakayemfundisha ni yule yule fundi mzoefu aliyekuwa akiisukuma kazi. Ukileta wageni saba, fundi anageuka mwalimu na kazi yake inasimama.

Sababu ya pili ni maelewano. Programu ni kitu kimoja chenye sehemu nyingi zinazotegemeana. Anayeshughulikia mishahara akibadilisha kitu, wa hesabu lazima ajue. Watu 3 wana njia 3 za kuzungumza, wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Watu 20 wana njia 190. Siku inaishia kwenye vikao, na bado mmoja hakuambiwa.

Hata wenye pesa hukwama. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wake wajisajili kwa bima ya afya. Kampuni nyingi zilikuwa zimepewa vipande vya kazi ile, lakini hapakuwa na mmoja aliyeshika usukani wote. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujisajili walikuwa watu 6. Kilichosaidia baadaye ni kuwapa wataalamu wachache wazoefu mamlaka ya kuamua, wakakutana kila siku na kurekebisha kasoro moja baada ya nyingine. Wazee wetu walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Kwetu sisi kuna tatizo jengine. Fundi mkuu mara nyingi huletwa kutoka mbali kwa mkataba. Anajenga, analipwa, anaondoka, na ujuzi anaondoka nao. Mfumo ukiharibika, anapigiwa simu na kulipwa upya. Wakati huo karani aliyekaa kwenye dirisha miaka ishirini, anayejua mteja gani hulipa nusu na mzigo gani hurudishwa, hakuulizwa hata siku moja. Mfumo ukifika mezani kwake, haumfai. Anarudi kwenye kitabu chake cha mkono, nasi tunasema hapendi maendeleo.

Nayasema haya kwa sababu hayahusu kampuni binafsi tu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti zetu zinaendesha hospitali na kukusanya ada za soko, leseni na maegesho, na kazi hizo zinazidi kuingia kwenye kompyuta. Mradi ukikwama, pesa zilizopotea ni zetu, na mgonjwa anayesubiri kwenye foleni ni wetu.

Njia ni kuajiri wachache tangu mwanzo, na ndani yao wawemo vijana wa hapa, wakae ubavuni mwa fundi mpaka waweze kuushika mfumo wenyewe. Mkataba useme wazi kwamba fundi haondoki kabla hajafundisha. Karani aketi kwenye kikao cha kwanza, asisubiri cha mwisho. Mtu mmoja ajulikane ndiye mwenye neno la mwisho. Na kazi ikichelewa, mkubwa awe na ujasiri wa kupunguza yale aliyoyataka au kusogeza tarehe, badala ya kuajiri umati kisha kuutupia lawama.

Mama nilimwambia kijana wake asikate tamaa, riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini akiitwa kazi nyingine ya aina hii, aulize kabla ya kutia saini: mradi umefika wapi, nani atanifundisha, na nani anayeamua? Wakishindwa kumjibu, ajue chombo anachopanda kimeshaanza kuingia maji.