Kusoma Kurasa za Mwongozo Ndani ya Kihariri: Istilahi na Matatizo Yake

Programu zilizorithi utaratibu wa Unix huja na maelezo yake ndani ya kompyuta yenyewe. Maelezo hayo huitwa kurasa za mwongozo, na mtumiaji huyafungua kwa amri fupi ya man. Kitabu cha kwanza cha miongozo hiyo kilitolewa na Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Maabara za Bell, Marekani, tarehe 3 Novemba 1971, na mpangilio wake ungali unafuatwa hadi leo. Makala hii inakusudia kueleza namna kurasa hizo zinavyosomwa ndani ya kihariri cha matini, kwa kuwa mfasiri asiyetofautisha faili la asili na sura yake ya kusomwa huweza kuharibu kazi ya siku nyingi.

Tuanze na neno ukurasa. Wapo wanaolipinga, kwa hoja kwamba "ukurasa" mmoja wa mwongozo huenda ukajaza skrini thelathini. Hoja hiyo ina nguvu, lakini yafaa kukumbuka kwamba asili ya neno letu ni la Kiarabu lenye maana ya daftari, yaani karatasi kadhaa zilizokunjwa pamoja. Kwa hiyo kuliita faili refu "ukurasa" si kulionea neno. Waraka, linalopendekezwa na wengine, halifai: katika ofisi zetu za Unguja waraka ni agizo linalotoka juu kwenda kwa watumishi, na karani akiambiwa asome waraka atatafuta sahihi ya Katibu Mkuu.

Kihariri nalo halina ubaya. Mhariri ni mtu. Chombo huchukua ki-, kama kizibo na kifuniko. Kwamba hariri ni nguo pia hakumchanganyi mtu yeyote.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Ukurasa wa mwongozo huhifadhiwa kama matini ya kawaida yenye maagizo ndani yake. Mstari unaoanza kwa nukta si wa kusomwa na mtu, bali ni amri kwa programu ya kuumbiza. Kwa mfano, mstari .SH JINA huagiza kwamba JINA liwe kichwa cha sehemu, na .B huagiza wino mzito. Programu ya kuumbiza husoma maagizo hayo, hupanga mistari na pambizo, kisha hutoa matini iliyoumbizwa. Neno umbizo, lililotokana na umba na umbo, linatosha kwa kazi hii.

Je, wino mzito hupatikanaje pale ambapo kuna herufi tupu? Jibu linatoka kwenye taipureta. Karani wa zamani alipotaka neno likolee, alipiga herufi, akarudisha gari nyuma hatua moja, akaipiga tena juu ya ile ya kwanza. Unix ilizaliwa wakati matokeo ya kompyuta yalipokuwa yakichapwa kwa mashine za namna hiyo, na desturi ikabaki. Katika mifumo kadhaa, matini iliyoumbizwa ikimiminwa moja kwa moja katika kihariri, neno JINA huonekana hivi: J^HJI^HIN^HNA^HA. Alama ^H ni ile hatua ya kurudi nyuma. Herufi nne zimekuwa alama kumi na mbili katika faili, na anayetafuta neno JINA hatalipata, ingawa lipo mbele ya macho yake. Dawa rahisi ni kuipitisha matini katika amri ya col -b, ambayo huondoa marudio hayo; lakini pamoja nayo huondoka wino mzito na mistari ya chini.

Vihariri vikubwa vina njia bora. Katika Emacs, amri ya M-x man huiita programu ya man, husafisha marudio na kuyageuza kuwa rangi au wino mzito halisi. Ipo pia WoMan, kazi ya Francis J. Wright, ambayo huumbiza faili la asili ndani ya Emacs bila msaada wa programu ya nje. Katika Vim, amri ya :Man hupatikana baada ya kupakia faili dogo linalokuja na Vim yenyewe. Kote huko msomaji hutafuta neno na huruka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, lakini haruhusiwi kuandika. Anachokiona ni sura tu. Anayetaka kufasiri hana budi kulifungua faili la asili na kuiacha mistari ya nukta kama ilivyo.

Programu ya man hutafuta kwanza folda ya lugha ya mtumiaji. Kwa Kiswahili folda hiyo ni sw, na tafsiri ikikosekana huonyeshwa Kiingereza. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba menyu zetu zawezekana. Lakini menyu ni maneno mawili matatu, ilhali mwongozo ni nathari, na nathari ina matatizo yake.

La kwanza ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Programu ya kuumbiza isipoambiwa lugha hufuata kanuni za Kiingereza, nayo huweza kuandika mwon-gozo, ilhali silabi zetu ni mwo-ngo-zo. Agizo la .nh mwanzoni mwa faili huzuia ukataji wote.

La pili ni ving'ong'o. Mfasiri akiandika Ng'ambo, mtaa ulio ng'ambo ya Mji Mkongwe, kwa kitone cha kawaida cha kibodi, programu ya kuumbiza huenda ikakigeuza kuwa kitone kilichopinda. Macho hayaoni tofauti, lakini kihariri huona herufi nyingine kabisa, na utafutaji hushindwa. Kadhalika ng'oa, ng'aa na kung'uta. Katika faili la asili kitone hicho kiandikwe \(aq, hivi: Ng\(aqambo. Haipendezi machoni, lakini msomaji ataona Ng'ambo, na akiitafuta ataipata.