Kava Ikibonga, Mkono Unaingia Mfuko

Leo tunapiga story ya kava za mabuku, sanasana zile herufi za jina hapo juu. Usicheke kwanza. Hakuna msee hununua novo juu ya chapta ya saba. Ananunua juu kuna kitu imemshika macho akipita, na mara mingi ni vile jina limeandikwa.

Cheki wale wauzaji huanika mabuku kwa gunia kando ya barabara hapa tauni Kakamega. Karibu zote ni za shule: marudio ya KCSE, kamusi, set-buku za miaka ya nyuma zenye biro ya mwenyewe pembeni. Herufi zake zimesimama wima, nyeusi, hazitaki mchezo. Alafu hapo mbele kuna kanovo kamekunjika, herufi zimevimba, zingine zinainama, na ile "O" imechorwa jicho linakukonyezea. Mkono unaenda hapo bila kuuliza kichwa ruhusa. Muuzaji ni mjanja, ndio maana hako hukaweka mbele, hata kama kenyewe ni soo na kamusi ni jirongo.

Kwani herufi iko na nini? Iko na sauti, maze. Hujasoma hata neno moja na ushajua kama buku inakugombeza ama inakuita. Hii kitu ilimgonga jamaa mmoja wa Microsoft, Vincent Connare. Alicheki programu yenye kambwa ka kuchora kanabonga na wasee, maneno yake yote yako kwa Times New Roman. Akaona zii, mbwa hawezi kuongea na sauti ya hakimu. 1994 akachora Comic Sans, akiangalia vitabu vya katuni. Dunia nzima ikaanza kuichongoa, na hadi leo madizaina wakiiona wanashika kichwa. Mimi naitetea. Kwa buku ya mtoi wa nasari, Comic Sans iko sawa kabisa. Mwenye makosa ni yule msee wa saiba aliiweka kwa tangazo la matanga. Cooper Black nayo, ile nono yenye kona za mviringo, ilitoka Chicago 1922 na bado inadunda kwa kava za leo.

Lakini si lazima tukaombe ng'ambo, juu hapa Kenya huu mchezo tuko nao kitambo. Joe, lile gazeti la vichekesho, lilianza 1973, na Terry Hirst alikuwa analichorea kwa mkono. (Hirst alizaliwa Uingereza, sawa, lakini Nairobi ilikuwa imemshika.) Jarida la Kwani? la Binyavanga Wainaina na mbogi yake likatokea 2003, limebeba kiulizo ndani ya jina lenyewe. 2010 Shujaaz ikaingia, komiki ya bure ya Sheng, ikija ndani ya Daily Nation na story za mhusika wake Boyie. Hadi ikabeba International Emmy 2012.

Shule kubwa ya hizi herufi, bado, ni mathree. 2004 sheria za waziri Michuki zikaleta ule mstari wa njano na grafiti ikafutwa. Ilikuwa hadi Novemba 2014 ndio Uhuru Kenyatta, rais wa hiyo time, akasema vijana waachiwe wachore. Miaka kumi! Kwa hiyo kipindi, kuta za kinyozi, hoteli na bucha ndizo zilibaki na rangi.

Na hizo kuta ndizo zinanibamba zaidi. Siku moja simama uangalie fundi wa maandishi akifanya bucha hapa Kaka. Anapaka uzi chaki, msaidizi anashika mwisho mmoja, anauvuta, anauachilia: tap! Mstari umenyooka. Anachora na penseli, anajaza rangi nyekundu ya glosi, anangoja ishike, alafu anaweka kivuli cheusi upande wa kulia na chini ndio herufi itoke kwa ukuta. Mwisho anaweka kadoti keupe juu ya kila herufi, ing'ae. Sasa cheki vizuri: zile "A" mbili za "NYAMA" hazifanani. Moja imepanua miguu, ingine imebana. Kompyuta ingekupea "A" ileile mara mbili na ukuta ungekufa. Hiyo tofauti ndogo ndio hufanya jicho lirudi, na ndio hukosekana kwa kava mingi za wasee wanaojichapishia.

Kenye huniboo ni Neuland. Hii fonti ilitoka kwa Mjerumani, Rudolf Koch, 1923, herufi nene, za kukatakata. Utaijua, ndio iko kwa jina la filamu ya Jurassic Park. Wachapishaji wa ng'ambo wakaamua hiyo ndio sura ya Afrika: weka mgunga, weka jua la machungwa, weka Neuland, uza. Sasa nakutana na novo ya dem wa chuo cha MMUST aliyeachwa na boy wake hapa Lurambi, hakuna simba hata mmoja ndani, na kava imevalishwa safari. Nani alitutuma?

Kama unatoa buku, acha jina tu licheze. Jina lako na maneno ya nyuma yapewe herufi tulivu, juu kila kitu ikicheza hakuna kenye inasikika. Punguza kava kwa simu hadi itoshe ukucha wa kidole gumba. Kama jina halisomeki, rudia, juu watu wengi wataiona kwa status ya WhatsApp kabla waione kwa gunia. Fonti ukidaunlodi, soma leseni yake. Za Google Fonts unaweza kutumia hata kwa kitu ya kuuza, na hulipi.

Ama achana na fonti kabisa. Tafuta huyo fundi wa bucha, mpe karatasi nyeupe na brashi nyembamba, aandike jina la buku yako vile mkono wake unataka, alafu uskeni. Mlipe doo yake yote siku hiyohiyo, na jina lake liingie ndani ya buku, ukurasa mmoja na la mchapishaji.