Kuagiza Vyakula Visivyostahimili Joto: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kutuma Fedha

Vyama vingi vya msingi vyenye maduka au viwanda vidogo vya mikate huagiza bidhaa mijini kwa njia ya vifurushi, ama kwa posta ama kwa mabasi ya abiria. Sabuni, chumvi na vitabu vya hesabu husafiri hivyo bila taabu. Siagi, jibini, chokoleti, hamira mbichi, maziwa na samaki wabichi ni bidhaa za namna nyingine. Zikiharibika njiani, fedha iliyopotea ni ya wanachama. Na zikiuzwa hali zimeharibika, hasara hugeuka kuwa maradhi. Makala haya yanakusudia kumsaidia Katibu na Kamati yake kuamua mapema kama agizo linafaa kusafirishwa, lifungwe vipi, na ni nani atakayebeba hasara.

Joto na aina za vyakula

Joto haliharibu vyakula vyote kwa namna moja. Yafaa kuvigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vyakula vinavyobadilika umbo. Mafuta ya kakao yaliyomo katika chokoleti huyeyuka karibu na nyuzi 34 za Sentigredi, na chokoleti huanza kulainika hata kabla ya kiwango hicho. Ikiyeyuka na kuganda tena, hufanya utando mweupe juu yake. Utando huo si ukungu wala hauna madhara, lakini wanunuzi huukataa. Siagi nayo ikiyeyuka hujitenga, mafuta mbali na maji mbali, na hata ikigandishwa tena hairudii ulaini wake wa awali. Hasara ya fungu hili ni ya biashara zaidi kuliko ya afya.

Fungu la pili ni la vyakula vinavyopoteza nguvu. Hamira mbichi ni mkusanyiko wa viumbe hai. Katika jokofu huweza kukaa kwa majuma kadhaa, bali katika joto la nyuzi 30 hudhoofika kwa siku chache tu, na unga uliokandwa nayo hauumuki ipasavyo.

Fungu la tatu ndilo la hatari: maziwa mabichi, maziwa yaliyochemshwa yanayohitaji baridi, nyama na samaki. Vijidudu vya maradhi huongezeka upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Katika hali inayovifaa, baadhi ya vijidudu huongezeka maradufu kila dakika 20, na kwa mwendo huo kimoja huweza kuwa zaidi ya 4,000 katika muda wa saa 4. Samaki wa jamii ya jodari, nguru na vibua wana hatari nyingine. Wakikaa katika joto, mwilini mwao hutengenezwa sumu iitwayo histamini, ambayo humfanya mlaji awe mwekundu usoni, aumwe kichwa, awashwe na moyo umwende mbio. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika, kukaanga wala kugandisha.

Hesabu ya saa

Makatibu wengi huuliza basi huchukua saa ngapi njiani. Swali lenyewe lingekuwa: kifurushi kitakaa nje ya baridi kwa saa ngapi?

Tuchukue mfano. Muuzaji anakifikisha kifurushi kituo cha mabasi saa 4 asubuhi. Basi linaondoka saa 12 jioni na kufika saa 11 alfajiri. Mjumbe wa chama anakwenda kukichukua saa 5 asubuhi. Basi limesafiri kwa saa 11, lakini kifurushi kimekaa nje ya jokofu saa 25. Saa 14 kati ya hizo kilikuwa kikingoja, na sehemu kubwa ya kungoja huko ilikuwa mchana wa jua. Kama muuzaji angekipeleka kituoni saa 11 jioni, na mjumbe angekuwapo basi linapofika, muda wote ungekuwa saa 12. Nusu ya muda ingepungua pasipo kununua barafu hata kilo moja.

Kwa hiyo, bidhaa hizi zisafirishwe usiku kila inapowezekana. Zisitumwe kwa posta siku ya Ijumaa wala siku inayotangulia sikukuu, kwa kuwa zitalala katika chumba kilichofungwa. Katika ukanda wa pwani, miezi ya kuanzia Desemba hadi Machi ihesabiwe kuwa miezi ya tahadhari zaidi. Aidha, ieleweke kwamba buti ya gari lililoegeshwa juani huwa na joto kali kuliko hewa ya nje.

Ufungaji

Sanduku la kuhifadhia baridi halitengenezi baridi. Huchelewesha tu joto kuingia. Bidhaa ikiwekwa humo hali ina joto, itabaki na joto lake. Kwa sababu hiyo muuzaji hana budi kuipoza kabisa kwanza, ndipo aifunge.

Barafu nayo ina hesabu yake. Kilo 10 za samaki wenye nyuzi 30 huyeyusha zaidi ya kilo 3 za barafu ili tu wapoe hadi karibu na sifuri, kabla safari haijaanza. Ndiyo maana katika nchi za joto hushauriwa kutumia kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki. Barafu ipangwe chini, kati na juu, na maji yake yapate mahali pa kutokea.

Chokoleti, siagi na hamira zisiguswe na maji. Ziwekwe pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa, zikitengwa nazo kwa karatasi nene, na nafasi zilizobaki zijazwe karatasi au pumba kavu za mpunga. Chokoleti na siagi hunyonya harufu upesi, hivyo zisifungwe pamoja na sabuni wala samaki wakavu. Kufunika sanduku kwa gunia bichi husaidia mahali penye hewa kavu kama Dodoma. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, faida yake ni ndogo.

Nani hubeba hasara?

Hapa ndipo vyama vinapoweza kuumia pasipo kutarajia. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, muuzaji akimkabidhi msafirishaji mzigo kwa idhini ya mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Hata pale muuzaji anapokubali kufikisha bidhaa kwa dhamana yake, uharibifu usioepukika katika safari ya namna ile huwa juu ya mnunuzi. Yote hayo hufuatwa isipokuwa pande mbili zimepatana vinginevyo. Muuzaji naye ana wajibu wa kupatana na msafirishaji kwa namna inayolingana na aina ya bidhaa. Akipuuza, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kuwa amepokea.

Basi mapatano yaandikwe katika barua ya agizo. Sentensi moja yatosha: “Bidhaa itakuwa katika dhamana ya muuzaji, pamoja na hasara ya joto njiani, hadi itakapopokelewa na chama ikiwa baridi na nzima.” Muuzaji akikataa sharti hilo, Kamati itajua kwamba hasara ni ya chama, na iamue kiasi cha kuagiza kwa kuzingatia jambo hilo. Agizo la kwanza na liwe dogo.

Kupokea mzigo

Mpokeaji akifungue kifurushi mbele ya mwakilishi wa msafirishaji, na aandike katika stakabadhi saa ya kupokea na hali ya bidhaa kabla ya kutia sahihi. Picha ya simu ni ushahidi mzuri. Hamira ijaribiwe kwa kutia kidogo katika maji vuguvugu yenye sukari. Isipotoa povu kwa muda wa dakika 10 hivi, haifai kwa mikate. Samaki, nyama au maziwa ya baridi yaliyofika na joto yasiuzwe, hata kama hayanuki, maana vijidudu vya maradhi si lazima vitoe harufu.

Mwisho, Kamati ijiulize kama bidhaa yenyewe ina mbadala. Samli hukaa muda mrefu bila jokofu kwa kuwa karibu haina maji. Hamira kavu iliyofungwa vizuri, maziwa ya unga, na maziwa ya boksi yasiyohitaji baridi kabla ya kufunguliwa, vyote husafiri kwa usalama. Penye umeme wa mashaka, au kituo kilicho mbali na duka, hizo ndizo bidhaa zinazofaa kuagizwa, na fedha ya wanachama itarudi dukani ikiwa na faida yake.